Kiti Kilichotazama Ukuta

Nekesa wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kunyolewa, na kinyozi wa pale stendi wakati wa kufungua shule huwa na foleni mpaka barabarani, kwa hivyo nadhani nina saa moja, labda na nusu. Naandika huku nikisikiliza geti. Mwandiko ukiwa mbaya ujue ni mikono, macho bado ni mazima. Na kalamu hii ni yako. Nimeitoa kwenye ile pakiti uliyoandika jina lako juu ya kila moja, nikaona nikuambie kabla hujakagua sanduku ukashtuka.

Mambo ya sabuni na soksi na kuchemsha maji sitayaandika. Yako kwenye orodha ya shule, na unayajua kuliko mimi. Wewe ndiye ulianza kunikumbusha kuzima taa ukiwa darasa la pili. Ninachotaka kukuambia kimenishinda kwa mdomo wiki nzima. Kila nikianza unaniangalia na yale macho yako ya kungoja nimalize, basi nasema, "Umekunja sweta?" nawe unasema, "Ndio, mama," inaishia hapo. Kesho tutakuwa safarini na watu wengine, na mimi mbele ya watu siwezi.

Kwanza nikiri. Nimesoma insha yako.

Sikuwa ninapekua. Jumatatu iliyopita nilikuwa natafuta hiyo orodha, nikafungua daftari lako la Kiingereza nikidhani imo ndani. Ikaanguka ile karatasi, ile ambayo mwalimu aliwaambia mchague mtu bahili katika hadithi yoyote ya zamani ya Waingereza, mchanganue ubaridi wake na upweke wake. Nikaona wino mwekundu, nikaona mwalimu amekusifu, nikaketi kitandani nisome nifurahi. Unajua Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, ulipoanza kuonekana tumboni. Nilisoma na kamusi yako magotini, mstari kwa mstari, siku tatu, wakati wa chakula cha mchana dukani. Hata Ba, mwenye duka, akaniona. Akavua miwani, akauliza, "Unasoma nini hivyo, karatasi ya korti?"

"Ni insha ya Nekesa, Ba. Ya yule mzee wa mishumaa, kwa kile kitabu ulichompa."

"Ah, yule!" akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa anasema huyo mzee ni mjomba wangu."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Wasichana wengine wakacheka. Mimi niliinama nikajifanya natafuta sindano.

Kitabu chenyewe nakijua, kwa sababu ulinisomea. Unakumbuka likizo ya mwezi wa nane, mimi nikipinda mapazia ya oda, wewe umekaa mlangoni unasoma kwa Kiingereza halafu unanieleza kwa Kiswahili. Kitabu bila jalada, hata jina lake hatulijui mpaka leo. Nilikuwa nakuambia ruka maelezo ya ukungu na farasi, twende kwa mzee. Mzee anatengeneza mishumaa, anauzia mji mzima, na yeye mwenyewe anaketi gizani ili asipunguze hata mmoja. Nilicheka sana hapo. Nikasema, "Huyu si mzima." Nawe ukanijibu bila kuinua macho, "Ni mzima, mama. Ni vile tu hana mtu."

Halafu ile sehemu ndugu yake anakuja. Theluji inaanguka, ndugu anabisha hodi, na mzee siku hiyo kwa bahati amewasha kipande kimoja anasaka kitu kilichoanguka. Anazima haraka. Anakaa kimya, anazuia pumzi, ili ionekane hakuna mtu. Na ndugu yake huko nje anasema kwa sauti ya chini, kupitia tundu la kufuli, kwamba anasikia harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Hasemi lingine. Anaondoka.

Ulipofika hapo nilikuambia niletee maji. Ulipoleta nikasema nimechoka, tutaendelea kesho. Ulidhani nimechoka kweli.

Sasa insha. Umeandika vizuri, Nekesa, sitakudanganya, nimejivuna. Umesema ubaridi wa yule mzee haukuanza kwa roho mbaya, ulianza kwa woga, na kila mlango aliofunga ulimfanya aogope zaidi waliobaki nje. Hata mimi ambaye sijui kuchanganua nimeona hiyo ni kweli. Ukaeleza vile viti viwili alivyo navyo, kimoja anachokalia na kingine amekigeuza kikatazama ukuta, ukasema hiyo ni dalili kwamba hataki mgeni. Nitarudi kwa hicho kiti. Lakini mwisho kabisa, baada ya kusema alikufa peke yake gizani, umeandika sentensi ambayo nimeitafuta kwa kamusi mara nne nikitumaini nimekosea. Umesema humlaumu. Umesema asiyekaribisha mtu hawezi kuachwa na mtu, na kwamba wewe umelelewa katika nyumba inayojua hivyo, na imekufaa.

Imekufaa. Mwalimu ameweka alama ya vema pembeni.

Tangu siku hiyo sijalala sawasawa. Nakuangalia ukipanga sanduku, naona makufuli mawili pale wenzako wana moja. Na Jumamosi hii alipokuja Shiro! Najua ulimwona dirishani akitoka mlango wa mama yake pale ng'ambo ya ua. Ulikaa sakafuni nyuma ya pazia, ukaninong'oneza, "Mwambie sipo." Na mimi, mamako, mtu mzima, nikatoka nikamwambia, "Ametoka kidogo." Ndara zako zilikuwa pale mlangoni, zimeelekea ndani. Mtoto wa watu akaziangalia. Akasema, "Sawa, mama. Mwambie nilikuja kumuaga." Akaniachia kile kitambaa alichokushonea, chenye herufi za majina yenu wawili. Nilipoingia ukakitazama, ukasema, "Si angekaa nacho tu. Kule nitapata marafiki wengine au nisipate." Ukaendelea kukunja nguo.

Hiyo sauti niliijua. Ni yangu.

Kuna siku moja ambayo hatujawahi kuitaja, na naamini unaikumbuka, kwa sababu mtoto wa miaka saba hukumbuka siku mzazi wake alipogeuka mtu mwingine. Ni siku mamako mkubwa Nasimiyu alikuja kutoka Bumula.

Nikueleze kitu cha kabla ya hapo, ambacho hukijui. Nyanyako alipofariki wewe ulikuwa na miezi minne, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nimeacha shule, babako ameshaondoka na hajasema anaenda wapi. Watu walikuja kwa matanga wakajaa boma. Walilia, waliimba, na walikula. Walikula kuku wote, walikula ng'ombe, wakamaliza mahindi yote ya ghala, na hiyo ni desturi, hakuna aliyekosea. Lakini walipoondoka, hakuna aliyerudi kuuliza tunakula nini. Nilisimama kwa ghala tupu nikiwa nimekubeba, nikafagia punje zilizobaki kwenye pembe. Hapo ndipo nilijiambia hakuna mtu atakula changu tena. Nilisema nikiwa na njaa na maziwa yanakauka, lakini nilisema, na niliendelea kulisema hata baada ya kushiba.

Na kuna nililolisahau katika hesabu hiyo. Nasimiyu hakuondoka. Yeye alibaki. Nilipokuja Kitale kutafuta kazi ni yeye alikaa na wewe, miaka miwili kasoro, pamoja na watoto wake. Ulijifunza kutembea kwenye ua wake. Neno lako la kwanza hukuniita mimi, ulimwita yeye, na nilipokuja kukuchukua ulinikimbia ukajificha kwa leso yake. Nadhani hata hilo sikumsamehe, kama ni kosa la kusamehewa.

Basi mwaka ule nilikuwa nimekodi ekari moja Endebess, na mvua ilikuwa nzuri. Nilivuna, nikapukuchua, nikaanika, nikaleta magunia manne hapa nyumbani kwenye chumba hiki kimoja. Kila mtu wa huku anajua mahindi huwekwa mpaka mwezi wa sita au wa saba, wakati ghala za wengine zimeisha, ndipo uuze. Nikaogopa majirani. Nikaogopa wakijua wataomba kikombe leo, mkebe mzima wa kasuku kesho. Kwa hivyo nikayapanga magunia ukutani, mawili mawili, nikatandika blanketi juu, nikatandaza vile vitambaa vyeupe vya kufuma vya nyanyako, nikaweka mto. Ikawa kochi. Mama Shiro aliingia siku moja kuomba moto wa jiko, akasema, "Ai, Mama Nekesa, umenunua sofa na hata hukualika mtu aikalie!" Nikasema ni mbao za zamani tu. Na dirisha nikalifunga na misumari, ndani, mtu asichungulie. Nawe nikakufundisha. Nilikuketisha, nikakushika mashavu, nikakuambia, "Mtu akiuliza kama kuna mahindi, sema hakuna." Ukauliza, "Hata nikiulizwa na mwalimu wa kanisa?" Nikasema hata huyo.

Nasimiyu akaja mwezi wa sita bila kupiga simu, maana simu yake alikuwa ameuza. Amekonda, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshika gunia tupu limekunjwa chini ya kwapa. Ulimkimbilia. Nikamwambia karibu, keti. Na nyumba yetu unaijua, kulikuwa na kitanda na hiyo kochi.

Akaketi kwenye kochi.

Nekesa, huyo ni mwanamke aliyezaliwa katika mahindi, amelala ghalani, amebeba mahindi kwa kichwa tangu akiwa na kimo chako cha darasa la tatu. Alipoketi tu niliona uso wake. Alitulia, kama mtu aliyeitwa jina lake na asijue ni nani ameita. Akaweka kiganja pembeni mwake, juu ya kitambaa cha mama yetu, akakibonyeza kidogo, taratibu. Zile punje zilitoa ule mlio wake. Wewe ulikuwa unaangalia mkono wake. Mimi nilikuwa naangalia jiko.

Akasema, "Dada yangu, kule kumekuwa kubaya. Mahindi yetu bado ni mabichi, na watoto siku ya pili leo ni uji wa chumvi. Nimesema niende kwa Nanjala. Hata debe moja tu, nitakurudishia tukivuna."

Nikasema, "Hakuna. Huku pia mwaka huu hakuna kitu."

Akakugeukia, na nadhani alikugeukia tu kwa kuwa alishindwa kunitazama mimi. Akakuuliza akitabasamu, "Nekesa mama, na wewe umekula nini leo?" Nawe ukatazama mdomo wangu kwanza. Halafu ukasema, "Hakuna."

Hakuwa amekuuliza kuhusu mahindi.

Alilala kwetu usiku huo juu ya hayo magunia, kwa sababu giza lilikuwa limeingia. Sitasema mengi ya usiku huo. Asubuhi alikunywa chai ya rangi, akakufunga viatu, akasimama. Nikamwona ameacha gunia lake pale kwenye kochi, limekunjwa vizuri. Nikasema, "Nasimiyu, umesahau gunia."

"Sijasahau," akasema. "Wewe ndiye uko na vitu vya kuweka. Mimi nabebea nini?"

Hakusema kwa hasira, na ndiyo sababu bado nalisikia. Alikwenda na mikono mitupu mpaka kwenye geti, na wewe ukamfuata, ukarudi unalia, nikakuchapa kwa sababu ya kulia.

Hayo mahindi hatukuyala na hatukuyauza. Chumba kisicho na dirisha, sufuria inachemka humo humo, nguo zinaanikwa humo humo mvua ikinyesha. Nilipofungua wiki tatu baadaye nipeleke sokoni, mkono wangu uliingia kwenye kitu chenye joto. Kuvu imeshika mpaka katikati, magunia yote manne. Hata kuku hawakupewa. Nililazimika kuyatoa mchana, maana mlango wa choo na shimo la taka viko mbele ya kila mtu. Mama Shiro alikuwa anafua. Akasimama na povu mikononi, akaangalia kochi yangu ikipita vipande vipande.

"Kumbe ulikuwa umekalia benki, Mama Nekesa!" akasema. Wanawake wote wa ploti wakacheka. Halafu akapangusa mikono kwenye nguo, akaja akashika masikio ya gunia upande wa pili, akasema, "Wacha kusimama hapo, bana. Shika. Hii haibebwi na mtu mmoja." Tulibeba yote manne. Hakuniuliza kitu. Na mimi, badala ya kumshukuru, niliona haya hivi kwamba nilianza kumkwepa, na nikakuambia usiende kwao sana, na mpaka leo nikitaka moto nawasha kwa plastiki badala ya kuvuka ua. Unaona vile inaenda? Ya kwanza ilikuwa njaa. Zingine zote zilikuwa aibu.

Nilikuwa na miaka mingi ya kwenda Bumula. Kila Desemba nilisema Desemba ijayo. Nilisema nitaenda nikiwa na kitu cha maana mkononi, na nikipata kitu naogopa kitaonekana ni cha kununua msamaha. Wewe ulikua hapo katikati, ukiangalia. Uliona watu wakibisha na mimi nikishusha sauti ya redio. Na kwa kuwa una akili, ulitengeneza maana kutoka kwa yale uliyoona, ukaandika insha, ukasifiwa.

Sasa nirudi kwa kile kiti.

Umesema alikigeuza kwa sababu hataki mgeni. Mimi nimekaa nacho siku hizi zote, nikiwa dukani napima kitambaa, nikiwa njiani, na nakataa, mwanangu. Kumbuka wewe mwenyewe ulinisomea vitu alivyouza huyo mzee. Aliuza mapazia ya marehemu mkewe. Aliuza kengele ya mlango. Aliuza hata buti moja iliyobaki, kwa mtu mwenye mguu mmoja, na tukacheka mpaka nikajichoma sindano. Mtu anayeuza buti moja ameacha kiti kizima cha mbao nzuri miaka yote hiyo? Kingemletea kitu. Kama kweli hataki mgeni angekiuza siku ya kwanza. Alikigeuza kwa sababu kukiangalia kulimuuma, na hakukiuza kwa sababu alikuwa anangoja mtu. Hivyo ndivyo naona mimi. Mwalimu wako anaweza kusema sijui Kiingereza.

Nitakuambia najuaje. Inua godoro langu upande wa ukuta. Lile gunia la Nasimiyu limekuwa hapo miaka minane. Nimebadilisha blanketi, nimetupa vitambaa, nimetupa hata picha za babako. Hilo gunia nimelilalia. Asiyetaka mtu angelitumia kubebea makaa.

Kwa hivyo usiandike kwamba imekufaa. Uliniona nikiwa kimya ukadhani nimetulia. Nilikuwa nimezuia pumzi.

Na kitu kingine. Ulisema mzee alikufa peke yake gizani. Umesoma wapi? Kitabu chetu hakina kurasa za mwisho. Kinaishia pale anaposikia hatua kwenye ngazi, na ukurasa umechanika. Nimekiangalia tena jana. Wewe uliujaza huo mwisho kutoka kichwani mwako, na ulichokuwa nacho kichwani ni nyumba hii. Hilo ndilo linanitisha. Kuniona bahili ni haki yako, nilikuwa. Lakini unaenda mahali penye wasichana mia na vitanda vilivyogusana, ukiwa na makufuli mawili, na tayari unajua vile itaisha.

Basi nimefanya jambo, na sijui kama nimefanya vizuri.

Ijumaa nilipata namba ya Nasimiyu kwa binamu yetu wa Tongaren. Nilimpigia nikiwa nyuma ya duka kati ya majora ya vitambaa, ili nikilia nijipanguse.

"Nani?" akasema.

"Ni mimi. Nanjala."

Nikasikia kuku upande wake, na mtoto anaambiwa atoke hapo.

"Nanjala yupi?"

Nikasema, "Yule wa kochi."

Nikatazama simu nikidhani imekatika. Nikaanza kueleza kwamba umepata shule upande wa Bungoma, kwamba shule inataka jina la mtu wa karibu wa kuitwa ukiugua, kwamba siku za kutembelewa mimi sitaweza kufika zote, nikaona naanza tena kuomba kama mtu wa biashara, nikanyamaza. Ndipo akasema, "Gunia langu bado unalo?"

"Ninalo."

"Basi nirudishie."

Akakata.

Nimeyageuza hayo maneno mawili huku na huku tangu Ijumaa. Saa nyingine nasikia mtu anayefunga hesabu: leta changu, tusijuane tena. Saa nyingine nasikia dadangu ambaye hajui kusema karibu baada ya miaka minane, akatafuta neno lililokuwa karibu na mkono. Ba anasema ni la pili. Lakini Ba hakuiona sura yake akibonyeza kile kitambaa. Sijui, Nekesa. Nina miaka thelathini na tatu na naogopa mlango wa dada yangu kuliko nilivyoogopa leba.

Gunia nimelijaza. Ndiyo maana jana ulinikuta natokwa na jasho nikasema ni joto. Ni mahindi ya msimu huu, nimeyaanika kwa turubai siku sita mbele ya ploti yote, dirisha nimeling'oa misumari. Mama Shiro alipita akachukua punje akaitafuna, akasema, "Hii imekauka kweli. Sasa unaificha wapi?" Nikamwambia naipeleka kwa dadangu. Akaniangalia. Akasema, "Ngoja nikushikie mdomo wa gunia, si unamwaga." Kile kikombe chetu kikubwa cha bluu kiko kwake tangu jana, na mahindi ndani. Usikitafute.

Kesho tukifika Bungoma mjini, shule iko upande mmoja na Bumula upande mwingine. Lango la shule linafungwa saa kumi, kwa hivyo kuna muda. Sitakuburuta. Wewe ndiye ulilia mpaka kwenye geti siku ile, na ukachapwa, na una haki ya kutotaka kuona nikifedheheka, au kutotaka kumwona. Ukisema twende shule moja kwa moja, tutaenda, nitakuacha na sanduku lako, halafu nitakwenda Bumula peke yangu nikirudi. Huenda asifungue. Hilo pia ujue mapema. Huenda tusimame hapo na gunia miguuni na pazia lisiguswe, na uone mamako akiachwa nje na mtu aliyemwacha aondoke mikono mitupu. Siwezi kukuahidi mwisho mzuri. Ninachotaka ni uone mwisho ambao hukuujaza mwenyewe.

Kufuli moja nimelitoa kwenye sanduku. Liko juu ya meza, na funguo yake. Ukitaka kulirudisha, rudisha, sitasema neno. Kitambaa cha Shiro nimekiweka juu kabisa, juu ya sweta. Yuko nyumbani jioni hii. Nimeona taa yao.

Nasikia geti. Kama ni wewe, nitaiweka hii chini ya sahani yako na kuanza kusonga ugali, na tafadhali usiisome mbele yangu.

Asubuhi sitakuuliza umeamuaje. Gunia liko nyuma ya mlango, limefungwa kamba, masikio nimeyaacha marefu pande zote mbili. Dereva akipiga honi nitashika upande wangu, nitangoja.

Ni mimi mamako,
Nanjala